Sura ya Tisa: Mwendo wa Saa Moja Angani

"Fimbo ilikuwa juu, madam. Imeegemea kitanda chake." Mumbua alikuwa amezishika nondo za selo kwa mikono miwili, na sauti imemkauka kwa kulia. "Mzee hangeshuka ngazi bila fimbo. Hata kwenda msalani alikuwa anaishika."

"Hiyo fimbo ndiyo iliyokuleta humu," Inspekta Kanze alimwambia, si kwa ukali.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee Alamin, mwenye mashamba kuanzia Malindi hadi Adu, alikutwa amekufa chini ya ngazi ya nyumba yake Jumatano ya wiki iliyopita, alfajiri. Watu wakasema ameteleza, wakamzika siku hiyo hiyo kama ilivyo ada. Kisha jana, Alhamisi, bintiye Shaima alikuwa akifagia chumba cha marehemu, akaiona fimbo pale kitandani, akaketi chini. Mtu asiyeweza hatua mbili bila fimbo hashuki ngazi mwenyewe, ameshushwa. Akaja kituoni na buibui lake limekaa upande, akataka kesi iandikwe. Kwa kuwa usiku ule walilala watu wawili tu ndani ya nyumba, na mmoja wao yuko kaburini, jioni yake Mumbua, aliyekuwa akimtunza mzee, alitiwa pingu na unga wa chapati bado uko vidoleni.

"Niambie tena usiku ule," Kanze alisema.

"Nilimpa uji baada ya sala yake ya isha, nikashuka. Mimi nalala chumba cha uani. Baadaye nikamsikia anaongea huko juu. Alikuwa amekasirika. Alisema, 'Adu haiuzwi. Haiuzwi nikiwa hai.' Nikajua ni simu. Nikalala, madam. Mungu anisamehe, nililala."

"Ulimwambia nani haya?"

"Bwana Kioko. Na yeye akasema basi ni simu."

Kanze aliitazama saa ya ukutani. Saa nane mchana Mumbua angesimamishwa mbele ya hakimu, na polisi wangeomba azuiliwe kwa kosa la mauaji. Akishaingia rumande kwa kesi ya namna hiyo, kutoka ni majaliwa. Alikuwa na mtoto Kibwezi, kwa nyanya yake. Kanze alikuwa na woga, na hakuona aibu kujikubalia.

Kilichomtia woga ni kwamba alijua jambo moja ambalo Mumbua hakulijua. Usiku ule simu ya mzee ilikuwa sebuleni chini, kwenye chaji. Shaima mwenyewe ndiye aliyeichomoa asubuhi yake akampigia nayo kaka yake. Basi huko juu, usiku, mzee alikuwa akimkaripia nani?

*

"Mwanawe," Kanze alisema. "Ayman ndiye anayetaka Adu iuzwe. Ameshawaahidi wageni wa mahoteli, na mzee alikataa kutia sahihi. Mji mzima unajua."

Kioko, mkuu wa upelelezi, alikoroga chai yake ya tangawizi ingawa sukari ilikwisha yeyuka zamani. Pembeni alisimama Konstebo Joram, kijana wa Kisii aliyeletwa Pwani mwaka huu na bado anashangaa joto.

"Ayman alikuwa Nairobi," Kioko alisema.

"Anasema alikuwa Nairobi."

"Tiketi nimeiona kwenye simu yake kwa macho yangu. Ndege ya saa tatu asubuhi, Nairobi mpaka hapa. Hebu fikiria, Kanze. Isha imeswaliwa, mzee yuko hai, anakunywa uji. Kutoka hapa mpaka Nairobi kwa barabara ni kama kilomita mia sita, na malori ya njia ya Mombasa unayajua. Ndege za usiku hapa hakuna. Sasa mtu amuue babake Malindi usiku wa manane, halafu saa tatu asubuhi awe anapanda ndege Nairobi? Aliota mbawa?"

"Angani ni saa moja tu, afande," Joram alidakia.

"Ukiwa na ndege, Joram. Wewe unayo?"

Mtu akiwa na mke wa kumtetea utamhoji huyo mke, utamzungusha mpaka achanganye maneno. Shahidi wa Ayman alikuwa umbali wenyewe, na huo hauhojiwi.

"Kama alipanda," Kanze alisema mwishowe. "Tiketi si safari."

"Barua ya kuomba majina ya abiria imekwenda. Watajibu Jumatatu."

"Jumatatu Ayman atakuwa Maskati. Anaondoka leo na ndege ya saa tisa. Basi tulifukue kaburi. Daktari atazame mwili, tujue alikufaje."

"Binti amekataa, na wewe ulikuwepo. Kaka yake amemwambia ni kumvunjia baba yao heshima, naye akasema kaburi haliguswi mpaka siku ya kiyama. Niende mahakamani nipigane na ukoo mzima, kwa sababu gani?" Kioko alikiweka kijiko mezani. "Na huyo unayemshuku alimwosha babake kwa mikono yake. Shaima amesema hapa hapa, akilia. Mtu amuue babake halafu amwoshe?"

Kanze aligeukia mlango.

"Sikiliza," Kioko alisema, na sauti ikashuka. "Mimi Mkamba. Yule mama ni Mkamba. Nikimwachilia leo kwa sababu mzee alisikika akiongea, kesho mji utasema Kioko amemficha dadake. Niletee kitu cha kushika mkononi. Kabla ya saa nane."

Alikuwa na hofu vilevile, mkubwa mzima. Hilo halikumsaidia Kanze hata kidogo.

*

"Majina siwezi," Trizah alisema kabla hawajakaa. Alikuwa msimamizi wa kampuni ya ndege pale uwanjani, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Jana mmeniuliza, leo mmeniuliza. Majina ya abiria ni siri yao. Nikiyatoa bila ruhusa ya Nairobi nafutwa kazi."

"Sitaki majina," Kanze alisema. "Niambie habari za ndege yenyewe. Kutoka Nairobi hutumia muda gani?"

"Saa moja na dakika chache. Ni kama kilomita mia nne, kwa hewa."

"Inaruka saa tatu, inatua saa nne na kitu."

"Ikipenda Mungu."

"Na Jumatano ya wiki iliyopita Mungu alipenda?"

Trizah alikunja uso, kisha akacheka kicheko cha uchovu. "Siku ile? Siku ile nilitukanwa mpaka nikafunga mlango. Nairobi kulikuwa na ukungu, hakuna kilichoruka. Watu wamejaa hapa na mabegi wanataka kwenda, na ndege ya kuwachukua bado iko huko. Ilikuja kutua hapa adhuhuri imeshaadhiniwa. Nakumbuka kwa sababu wachukuzi wangu walikuwa wamekwenda kuswali, nikahangaika na mabegi mwenyewe."

Kanze alisogeza kiti mbele. "Abiria walijua kwamba itachelewa?"

"Tangu saa mbili asubuhi. Kila mwenye tiketi alitumiwa ujumbe kwenye simu."

Nje, Joram alikuwa karibu kupiga makofi. "Tumempata, madam! Ndege ya asubuhi ilifika mchana!"

"Tumempata na nini?" Kanze alisimama kivulini mwa ukuta, akahisi furaha yote inamtoka. "Yeye alitwambia amekuja na ndege ya asubuhi. Hakutwambia ilitua saa ngapi. Mzee alizikwa lini?"

"Baada ya sala ya adhuhuri."

"Kutoka hapa mpaka makaburini tuktuk inakufikisha hujamaliza hata chupa ya soda. Ndege imetua watu wako msikitini. Ameshuka, amepanda tuktuk, amewakuta wanatoka na jeneza. Hata kwa kuchelewa, amewahi."

Walipanda gari. Joram aliwasha injini na asijue aelekee wapi. Saa tano ilikuwa inakaribia. Kwenye kiwanja ndege ndogo ya watalii iligeuka polepole kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Kanze akaitazama kwa chuki isiyostahili.

"Kwetu hangehangaika hivyo," Joram alisema, ili aseme kitu. "Kwetu mtu anawekwa mochari hata wiki mbili, ndugu watoke walipo, hema likodiwe, ng'ombe atafutwe. Hawa wana haraka ya nini?"

"Si haraka, ndivyo dini yao inavyotaka. Mtu akifa asubuhi, mchana yuko kaburini. Ataoshwa, avikwe sanda, apelekwe msikitini aswaliwe, ndipo…"

Kanze alikuwa Mgiriama wa Adu, alibatizwa na kukomunika, lakini alikuwa amekulia mtaa wa Barani ukuta kwa ukuta na Waislamu, na misiba yao aliijua kama alivyoijua ya kwao. Aliirudia tena kichwani, polepole, kimoja baada ya kingine. Kuosha. Sanda. Msikiti. Kaburi.

"Joram. Kuosha ni kabla ya msikiti."

"Ndiyo, umesema."

"Ndege ilitua watu wako msikitini." Alimgeukia. "Na Ayman alimwosha babake kwa mikono yake."

*

Aliyeongoza kuosha maiti katika mtaa ule alikuwa Maalim Abdillahi, na Kanze alimkuta barazani kwake akifunga vifungo vya kanzu, tayari kwa sala ya Ijumaa. Kanze aliitoa leso iliyokaa garini daima kwa kazi kama hizo, akajitanda.

"Hodi, maalim. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini usinikawize, leo mimi ndiye nitakayetoa hotuba."

"Sitakukawiza. Ulikuwepo alipooshwa Mzee Alamin."

"Nilikuwepo."

"Uliona nini mwilini mwake?"

Kidole cha mzee kikasimama kwenye kifungo. "Hilo usiniulize."

"Ni kazi yangu kuuliza."

"Na yangu ni kusitiri. Mwenye kumwosha maiti akiona zuri hulitaja, akiona jengine hulifukia pamoja naye. Nimewaosha watu wa mji huu tangu hujazaliwa, na hapana hata mmoja niliyemtoa nje. Uso wake ulikuwa umetulia. Hilo nakupa."

"Kuna mwanamke yuko selo, maalim. Mwanamke aliyemlisha uji mzee huyo miaka mitatu. Saa nane anapelekwa mahakamani."

"Nimesikia." Kile kifungo alikiacha wazi. "Wallahi, jana sikulala. Lakini siwezi, mwanangu. Mkitaka nifungeni na mimi."

Kanze alimtazama yule mzee, akajua kwa hakika kwamba kulikuwa na kitu, na kwamba hatakipata hapo. Asubuhi hiyo mtu mwingine alikuwa amemfungia mlango vilevile, kisha akamfungulia dirisha.

"Basi ya maiti nayaacha. Naweza kuuliza ya walio hai?"

Maalim alifikiri. "Hao wana ndimi zao. Uliza."

"Ayman alifika saa ngapi?"

"Hatujaanza. Maji yalikuwa jikoni bado, na majani ya mkunazi ndiyo kwanza yanatiwa. Saa nne imepita, tano haijafika. Aliingia anahema, akasema baba yangu n'tamwosha mimi, watu wote watoke. N'kamwambia ni haki yako, nani atakunyima? Lakini peke yako haiwi, sharti mmoja aoshe na mmoja amimine maji. Hakupenda. Tukabaki sisi wawili."

"Alikuwa na begi?"

"Begi sikuona."

"Na adhuhuri ilipoadhiniwa?"

"Alikuwa keshavikwa sanda kitambo. Wanawake wanamuaga." Maalim alimkazia macho. "Kwani kuna nini katika hayo?"

"Leo baada ya sala utakuwa wapi?"

"Nyumbani kwao huko huko. Tunamsomea hitima."

"Basi tutaonana," Kanze alisema, na akashuka barazani karibu kukimbia.

Joram alisikiliza yote akiwa ameshika usukani, mdomo wazi. "Kwa hivyo ndege iko Nairobi ndani ya ukungu, na yeye yuko hapa anaosha."

"Alikuwa hapa tangu usiku. Dada yake alipompigia asubuhi alijibu yuko Nairobi, na simu haisemi iko mji gani. Akanunua tiketi palepale, akajificha mahali akingoja saa ya ndege itimie, aingie nyumbani kama msafiri."

"Lakini alitumiwa ujumbe! Alijua ndege imechelewa. Kwa nini hakungoja mpaka itue? Huyu ni mjinga."

"Si mjinga. Maiti haingojei ndege. Maji yameshawekwa jikoni. Akichelewa, mwingine atashika kile kitambaa, ataugeuza ule mwili, ataona shingo au mbavu au sijui nini. Akiwahi, atakayeona ni yeye na maalim, na maalim hasemi." Kanze alijifuta jasho. "Alikuwa na hofu mbili, akachagua moja. Alijua watu wa msiba hawaulizi habari za ndege."

"Twende tukamkamate."

"Kwa neno la nani? Wakili wake atasema maalim ni mzee, siku ya msiba nani aliangalia saa. Kaburi bado limefungwa, na ufunguo anao Shaima. Nishushe hapa. Wewe nenda mahakamani, mkalie yule mwendesha mashtaka mabegani ukibidi. Asisimame mpaka nikupigie."

"Na wewe, madam?"

"Mimi naenda kumpa Ayman pole ya safari."

*

Nyumba ya Mzee Alamin ilikuwa ya zamani, ukuta mnene, na ngazi iliyomuua mwenyewe ilishuka moja kwa moja kwenye ukumbi, ngazi ya mawe iliyochakaa katikati. Wanaume walikuwa ndio wanarudi kutoka msikitini. Maalim Abdillahi alikwisha keti mkekani akigawa majuzuu ya Kurani. Mlangoni tuktuk ilinguruma, na Ayman, kijana mrefu mwenye ndevu zilizopunguzwa kwa ustadi, alikuwa akimkabidhi dereva begi. Kanze alimwonyesha dereva kitambulisho, naye akazima injini bila kuambiwa.

"Bwana Ayman. Sitakuchelewesha. Nilitaka kukupa pole tu."

"Nimeshapoa, Inspekta. Lakini ndege yangu…"

"Ni ya saa tisa, najua. Bado wakati upo." Kanze aliingia ukumbini kama mgeni, na adabu ikamlazimisha Ayman arudi ndani. Shaima alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ushungi mweusi, macho yamevimba.

"Yule mfanyakazi ameungama?" Shaima aliuliza.

"Bado, dada. Namalizia mambo madogo." Kanze alimgeukia Ayman. "Safari ya siku ile ilikuwaje? Ndege ilitua saa ngapi?"

"Saa nne na kitu. Ni mwendo wa saa moja."

"Nimetoka uwanjani asubuhi hii. Siku ile Nairobi kulikuwa na ukungu. Ndege yako ilitua hapa adhuhuri imeshaadhiniwa."

Majuzuu yaliacha kugawiwa. Ayman hakubabaika, alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekumbuka. Kanze alikuwa anaogopa zaidi kuliko yeye.

"Kweli," Ayman alisema. "Ilichelewa. Mtu umefiwa na mzazi, saa huzioni."

"Bila shaka. Kwa hivyo uliposhuka, ulikuta nini?"

"Nilikuta… nilienda moja kwa moja msikitini. Wakawa wanatoka. Nikaunga na jeneza."

"Kaka," Shaima alisema.

"Ngoja, Shaima."

"Kaka, wasema nini? Wewe ulimwosha baba."

Kanze hakusogea. Alikuwa amemfikisha njia panda, na sasa kazi iliyobaki haikuwa yake.

"Bwana Ayman," alisema, "mambo ni mawili, nami nitaandika lile utakalonipa. Kama ulimwosha mzee, hukuwa kwenye ndege. Kama ulikuwa kwenye ndege, hukumwosha. Ulifanya lipi?"

Ayman alimtazama dada yake, akatazama mlango, akatazama begi lililokaa kwenye tuktuk. Jasho lilimshuka kwenye ndevu. Angeweza kunyamaza, na huenda kunyamaza kungemsaidia. Lakini ndege ilikuwa ya saa tisa, na Maskati ilikuwa mbele yake.

"Sikumwosha," alisema. "Dada yangu amechanganyikiwa na msiba. Waliomwosha ni wengine."

Shaima aliweka mkono ukutani. Wiki nzima aliwaambia wanawake waliokuja kumpa pole, mmoja mmoja, kwamba baba yake hakuguswa na mkono wa mtu baki, kwamba mwanawe alimwosha mpaka mwisho. Ndilo lililokuwa limemshika asianguke.

Aliyesema alikuwa Maalim Abdillahi. Hakunyanyuka mkekani.

"Ayman. Mimi ndiye niliyekumiminia maji."

"Maalim, wewe ni mtu mzima, umesahau…"

"Uliniambia nitoke, nikakataa. Ulipofika shingoni ukanigeuzia mgongo ili nisione." Mzee alilifunga juzuu lake. "Niliyoyaona sitayasema. Lakini baba yako ulimwosha wewe, na leo unamkana mbele ya watu waliokuja kumwombea. Hilo si la maiti. Hilo ni lako."

Ayman alipiga hatua kuelekea mlangoni. Wanaume wawili waliokuwa wameketi karibu na kizingiti walisimama, wakaujaza mlango, na majuzuu bado yako mikononi mwao. Kanze alimshika mkono. Haukuwa na nguvu.

"Ndege iko saa tisa," Ayman alisema, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akibishana naye juu ya hilo.

"Itakwenda," Kanze alimjibu, na akamfunga pingu.

Shaima alikuwa amefika chini ya ngazi. Alikaa kwenye kipago cha mwisho, pale pale alipokutwa baba yake, akamwangalia maalim, wala si kaka yake. Maalim aliinamisha uso.

"Hasemi," Shaima alisema. "Hatasema hata mkimfanya nini, namjua tangu anisomeshe alifu." Alijipangusa kwa ncha ya ushungi. "Basi baba aseme mwenyewe. Inspekta, mfukueni. Nitatia sahihi."

Mwanamke mmoja huko ndani alipiga yowe dogo, wengine wakamnyamazisha. Kanze alipiga simu, na Joram akapokea kabla haijalia mara mbili. Alikuwa amesimama nje ya chumba cha mahakama. Mumbua alikuwa ameshaingizwa, alisema, ila hakimu bado. Kanze alimwambia maneno machache, akasikia kijana akikimbia na simu mkononi, viatu vikigonga sakafu, kisha mlango. Alingoja. Alijiegemeza kwenye ukuta ule mnene.

"Amekaa, madam," Joram alisema akihema. "Mwendesha mashtaka ameondoa ombi. Anampigia Bwana Kioko."

Alipoweka simu, Ayman akiwa bado mikononi mwa wale wanaume wawili wa mlangoni, Shaima alikuwa hayupo kwenye ngazi. Kanze alimkuta jikoni, amefunua sufuria la pilau ya hitima, anapakua kwenye bakuli lenye kifuniko. Punje zilimwagika mezani.

"Mumbua amekula?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu jana, kumtaja kwa jina.

"Tangu jana hajala."

Shaima alitikisa kichwa. Ndege ya Nairobi ilisikika ikija kushuka, chini juu ya mapaa, haijachelewa leo. Hakuinua macho. Alilivuta bakuli karibu na dirisha, akaanza kuzitoa pilipili kwa vidole, moja moja, akiziweka kando.

"Hali pilipili," alisema.